Ugomvi wa taa, mita ndo ilituamulia

Mtu akiniuliza anunue taa gani ya ndani mi huwa namrudishia swali, unataka mwanga au unataka joto? Wengi wanadhani natania, maana nani ananunua taa ili aote. Ila sisi tunaokaa Mbeya, hasa huku Uyole ambako upepo wa mwezi wa sita na wa saba unaingia mpaka kwenye soksi, hilo ni swali la maana kabisa na ntaeleza kwa nini.

Globu ya zamani, ile ya kioo yenye kawaya ndani, ni jiko dogo linalotoa na mwanga juu yake. Kale kawaya ni ka tangisteni, umeme ukipita kanapata moto mpaka kanang'aa na huo mng'ao ndo mwanga wako, sasa katika umeme wote ulioulipia, sehemu tisa kwa kumi na zaidi zinaishia kwenye joto na hicho kinachobaki ndo unachambulia mchele. Ndo maana ukiigusa inakuunguza. LED haina waya wa kuchemsha, mwanga unatoka kwenye vichipu vidogo, kwa hiyo ya wati 9 inakupa mwanga ule ule wa globu ya wati 60. Enaji seva, zile za mrija uliojisokota, ziko katikati, wati 13 mpaka 15 kwa mwanga huo huo. Hayo hayana ubishi. Ubishi unaanza ukishazifunga nyumbani kwa watu.

Kwa mama yangu Makete ubishi ulianza mara tu walipovutiwa umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, ule wa kuunganishwa kwa elfu 27. Mama alikuwa ameshaona globu kwa mdogo wake na akaipenda, anasema ile taa ina joto, ukikaa chini yake jioni unasikia kabisa. Na Makete si sehemu ya kubishana na mtu kuhusu baridi, mwezi wa saba kule juu upande wa Kitulo asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Mi nikamwambia mama, mtu akikaa tu ametulia mwili wake unatoa joto kama la wati 100 hivi, kwa hiyo globu ya 60 inakupasha kidogo kuliko ukimkaribisha jirani mmoja aje mpige stori. Akacheka sana, akasema basi kila mwezi uwe unaninunulia jirani. Alafu nyumba yenyewe haina silingi bodi, joto la globu linapanda juu linakutana na bati, bati linaligawa kwa anga la Makete bure. Ukitaka joto pale ni moto wa kuni jikoni na blanketi, full stop.

Ila mama naye alikuwa na hoja ambayo sikuweza kumpinga. Kaka yangu alimletea enaji seva, akaifunga, na kila alfajiri mama akiamka saa kumi na moja kuwasha moto ile taa inawaka kama inaumwa, nyekundu nyekundu hivi, hafifu, mpaka aje ameshawasha kuni ndo inachangamka. Hiyo si ubovu wa taa, ndivyo zilivyo kwenye baridi. Ndani ya ule mrija kuna mvuke wa zebaki, na baridi ikiwa kali inachukua muda kuwa mvuke wa kutosha, kwa hiyo kwa mtu wa Dar anaona inachelewa sekunde chache, mtu wa Makete anaona inachelewa mpaka anaghairi. Na hiyo zebaki ndo ile ile wachimbaji wadogo wa Chunya wanayonasia dhahabu, ndani ya taa iko kidogo mno, miligramu chache tu, lakini taa ikipasuka chumbani kwa watoto usifagie kwa fagio ukaitimua, fungua madirisha kwanza, toa watoto, alafu okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lake uliguse na kitambaa kibichi ukafunge kwenye mfuko. Ulaya wameshazipiga marufuku tangu 2023 na dunia nzima inaelekea huko huko kwa sababu ya hiyo zebaki, kuna ule mkataba wa Minamata. Kwa hiyo enaji seva mi sina maneno mengi nazo, kama unazo na zinawaka zitumie mpaka ziishe, kununua mpya sioni sababu.

Tulichomalizia kwa mama ni LED ya mwanga wa njano. Hapa wauzaji wengi hawakuulizi, wanakupa nyeupe tu ile imeandikwa 6500K, ndo imejaa madukani, na mama alipoiona ya kwanza akasema ugali unaonekana kama wa hospitali na watu wote humu ndani wanaonekana wagonjwa. Ukiangalia boksi tafuta 2700K au 3000K, hiyo ndo ya njano inayofanana na globu, na bei ni ile ile. Nyeupe iweke jikoni kwenye kukatia nyama na pale mtoto anaposomea. Nje mlangoni weka ya njano pia, maana mvua za kwanza zikigonga mwezi wa kumi na moja kumbikumbi wanakimbilia nyeupe kuliko njano, labda kama unawataka kwa ajili ya kukaanga, hapo weka nyeupe yenye wati za kutosha na beseni la maji chini.

Sasa turudi Uyole, maana huko ndo hela zilipokuwa zinapotea.

Nyumba tunayokaa ni ya wapangaji, vyumba kadhaa, korido katikati, na LUKU moja, yani mita moja ya kulipia umeme kabla. Anayejua maisha ya LUKU moja anajua. Kila mtu anachangia sawa na kila mtu anaamini mwenzake ndo anamaliza umeme. Kuna mama mmoja analala na taa inawaka kwa sababu ya mtoto, kuna kijana wa chumba cha kona anafanya kazi mjini anarudi usiku, kuna mwalimu mstaafu ambaye kila akipita koridoni anazima swichi hata kama upo unapita. Umeme ukiisha katikati ya mwezi lawama zote zinaenda kwenye taa, kwa sababu taa ndo kitu kinachoonekana kwa jirani kupitia juu ya mlango. Mama wa mtoto ndo alikuwa anasemwa zaidi, na yeye chumbani kwake ilikuwepo globu ya 60.

Mwalimu ndo aliyeleta akili. Siku hiyo Jumapili watu wote wapo, akasema tusigombane, tuiulize mita. Kama hujawahi kuiangalia mita yako vizuri, kuna kataa kadogo kekundu kanakonyeza, na pembeni imeandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Yetu imeandikwa 1000, maana yake kanakonyeza mara elfu moja kwa uniti moja. Kwa hiyo kila kakikonyeza umeshakula sehemu moja ya elfu ya uniti. Ziko mita zingine zimeandikwa 1600 au namba tofauti, hesabu inabadilika kidogo lakini njia ni hiyo hiyo.

Tukazima kila kitu nyumba nzima, redio, chaji za simu, friji ya mama mwenye nyumba tukaichomoa kwa ruhusa yake. Kataa kakatulia kabisa. Mwalimu akashika simu na saa ya kuhesabia, tukawasha globu ya 60 peke yake. Ikapita dakika moja, kakakonyeza. Dakika nyingine, kakakonyeza tena. Kama saa ya ukutani vile. Tukazima, tukaweka LED ya 9 kwenye holda ile ile. Dakika ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne watu wakaanza kusema mita imekufa, kijana wa kona akaenda kuchungulia kama taa inawaka kweli, na inawaka, chumba cheupe. Mbele kidogo ya dakika sita na nusu ndo kakakonyeza mara moja. Mama wa mtoto hakusema kitu, aliingia ndani akatoka na buku mbili mkononi akamtuma mtoto dukani.

Ila mwalimu hakuishia hapo, na hii ndo sehemu iliyobadilisha mazungumzo. Akasema sasa leteni na vingine. Ikaletwa pasi, kataa kakawa kanakonyeza kila sekunde tatu, nne hivi. Ikaletwa ile hita ya kuchovya kwenye ndoo ya kuchemshia maji ya kuoga, na huku Mbeya nani anaoga maji ya baridi alfajiri, hita ya wati 1500, aisee kale kataa kakawa hakapumziki, kila sekunde mbili na kitu tap tap tap. Hita ni ya kijana wa kona. Dakika ishirini za kuchemsha ndoo moja ni nusu uniti, na nusu uniti hiyo ungewashia LED ya 9 masaa 55, yani usiku na mchana zaidi ya siku mbili, au ile globu ya 60 masaa manane na zaidi. Kijana mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kumsema mama wa mtoto. Watu walimwangalia tu.

Kwa hiyo mi nasema wazi, ukibadilisha taa ukabaki na hita ya ndoo kila asubuhi usitegemee miujiza. Lakini taa nazo zikiwa nyingi si kidogo. Chukua vyumba vitano, kila kimoja globu ya 60, kila jioni masaa matano. Hiyo ni uniti moja na nusu kwa siku, 45 kwa mwezi. Weka LED za 9 masaa yale yale, unapata uniti 6.75 kwa mwezi. Kwa mtu wa tarifu 1, yani mtumiaji wa kawaida, ile bei ya tangu 2016 ya shilingi 292 ukiweka na kodi na makato inafika kama 356 kwa uniti, hizo globu ni elfu 16 kwa mwezi na hizo LED ni elfu mbili na mia nne. Kwa mtu wa tarifu 4, ile ya wanaotumia umeme kidogo, ambaye uniti ni 122 ukiweka na makato, tofauti ya hela ni ndogo, ni kama elfu tano na mia tano dhidi ya mia nane na kitu, na hapo ndo watu wa tarifu 4 wanasema ah, kwangu haina maana.

Ina maana sana. Tarifu 4 ina mwisho wake, uniti 75 kwa mwezi, ukivuka pale kila uniti ya juu ni 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka unahamishwa moja kwa moja. Sasa globu tano zinakula 45 katika zile 75, unabaki na 30 za tivii, pasi, chaji na hiyo friji kama unayo. Hapo utavuka tu. Kwa mtu wa tarifu 4 LED ndo inayokubakisha humo ndani.

Sasa LED zenyewe. Hapa ndo pana utapeli na lazima niseme. Kuna LED ya buku mbili na kuna ya elfu tano, sita, na zote boksi limeandikwa kwa majivuno, masaa elfu 25, wati hivi, okoa hivi. Siku ile ile ya mita mpangaji mmoja alileta yake ya bei rahisi, ina maandishi makubwa 18W. Kama kweli ni 18 kataa kangekonyeza kila dakika tatu na sekunde ishirini. Tulikaa karibu dakika sita. Yani hiyo ni ya wati kumi imevalishwa shati la kumi na nane. Haikuibii umeme, inakuibia mwanga uliolipia. Ndo maana mi siku hizi siangalii wati kabisa, natafuta kwenye boksi imeandikwa lumeni ngapi, globu ya 60 ni lumeni 700 mpaka 800, ya 100 ni kama 1300 na zaidi, na boksi lisilo na lumeni nalirudisha. Dukani naomba iwashwe, kila duka la vifaa vya umeme lina holda ya kujaribia pale kaunta, alafu naielekezea kamera ya simu karibu, ukiona michirizi meusi inatembea kwenye kioo cha simu ujue mwanga wake unacheza, macho hayaoni lakini mtoto akisomea masaa kichwa kinaweza kumuuma.

Nyingine zinakufa mapema na muuzaji anakwambia umeme wa kwako mbaya. Inaweza kuwa kweli. Ila fungua moja iliyokufa, kofia yake ya plastiki inatoka kwa kuizungusha na kisu, ndani utaona kibao cha aluminiamu chenye vichipu vya njano vimepangwa duara. Tazama kimoja kimoja. Kwenye ile iliyokufa mara nyingi utakuta kimoja tu kina kidoti cheusi katikati kama kimechomwa na sindano. Vichipu vimeunganishwa mmoja baada ya mwingine, kimoja kikiungua foleni yote inasimama. Mafundi redio wanakiruka kile kwa risasi ya kuchomelea na taa inawaka tena, mi nimeona inafanywa, ila vilivyobaki vinabeba mzigo zaidi na haichukui muda kinaungua kingine, na pia ukiigusa ikiwa wazi vile inakurusha maana mle ndani hakuna kinachokutenga na umeme wa ukutani. Usimwachie mtoto.

Kinachoviua ni joto. Watu wanasema LED haina joto, inalo, liko kwenye vichipu na shingoni kwenye draiva, ile saketi ndogo inayoiandalia taa umeme, na likikosa pa kutokea linaipika taratibu. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba kuna zile taa za bakuli la kioo zinazofunikwa juu ya silingi, kila LED akiweka mle haimalizi mwaka, na LED ya aina ile ile kutoka boksi lile lile koridoni kwenye holda ya wazi inaendelea. Alipoacha bakuli limelegea kidogo pakapita hewa, tatizo likaisha. Baridi yetu ya huku inazipenda LED, ni enaji seva ndo haiwezi baridi.

Umeme kupanda na kushuka nao ni habari nyingine. Jioni saa moja watu wote wakipika na kuchemsha maji volti zinashuka, na globu hapo unaiona inakuwa ya machungwa, volti zikifika 180 mwanga wake haufiki hata nusu. LED yenye draiva nzuri imeandikwa kwa mfano 85-265V, hiyo volti zikishuka hivyo haina habari, inawaka vile vile. Ile iliyoandikwa 220-240V tu itahangaika. Hili kwa wanaokaa mwisho wa laini, mbali na transfoma, ni kubwa kuliko hata bili.

Sasa kuna kitu LED ilitufichulia ambacho globu ilikuwa inakificha. Baada ya kubadilisha, chumba cha mama wa mtoto taa ikawa haizimi. Yani unazima swichi, giza, alafu macho yakizoea unaiona bado ina mwanga kama wa kimulimuli, usiku kucha. Mtoto akaogopa, mama akasema hii taa ina mambo. Fundi wa kwanza akasema ni taa feki. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Iyunga, hakuigusa taa, alizima swichi, akaitoa taa, akaweka bisibisi ya testa kwenye holda. Ikawaka. Akatuita tuone. Akasema, "Mwanangu, aliyefunga nyumba hii swichi ameiweka kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, laini ya moto inaenda moja kwa moja mpaka kwenye holda, mkizima mnadhani mmezima." Kale kaumeme kadogo kanakopenya kwenye waya hakawezi kuchemsha waya wa globu kwa hiyo miaka yote hakuna aliyejua, lakini LED inatosheka na kidogo, ikawa inatuonyesha. Na watu kwenye nyumba ile walikuwa wanapanda kwenye stuli wanabadilisha globu wakijua wamezima. Mama mwenye nyumba alilipa siku ile ile, fundi akageuza waya vyumba vyote, mwanga ule wa usiku ukaisha. Kwa hiyo LED yako isipozima vizuri usikimbilie kuitupa, ita fundi aje na testa. Kama swichi yako ni zile zenye kataa kekundu ndani yake, basi inaweza kuwa ni hiyo tu na si hatari.

Mpaka hapa utaniona nimeitupa globu moja kwa moja. Hapana, globu ninazo, ziko bandani.

Nafuga kuku chotara kidogo nyuma ya nyumba, nachukua vifaranga vya siku moja. Kifaranga wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35, alafu unashusha kama tatu kila wiki. Uyole usiku wa mwezi wa saba nje unakuta nyuzi saba, nane. Hapo LED hata ukifunga kumi ni mapambo tu, utapata vifaranga waliokufa kwenye mwanga mzuri. Globu ya 100 hiyo hasara yake yote ya joto sasa ndo kazi yenyewe. Mkaa ni rahisi, na wengi wanaweka kwenye chungu, ila mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa ile hewa isiyo na harufu inayoua watu na kuku vile vile, na mi nalala ukuta wa pili.

Naweka mbili za 100 kwenye duara la maboksi, chini maranda yanayotoka Mafinga. Sishikilii kipimajoto sana, naangalia wenyewe. Wakilundikana chini ya taa wakilia ile sauti nyembamba ya kukata, wana baridi, nashusha taa. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, napandisha. Wakitawanyika wanakula na wengine wamelala wamenyoosha shingo, naenda kulala. Taa naifunga kwa mnyororo au waya wa chuma, siiningʼinizi kwa waya wake wa umeme hata siku moja, ikidondoka kwenye maranda huna banda na pengine huna nyumba.

Gharama yake naijua na siifichi. Mbili za 100 usiku na mchana ni uniti 4.8 kwa siku, wiki tatu ni uniti 100, kwa tarifu 1 karibu elfu 36. Ndo maana nafunika duara juu na gunia nusu, joto lisikimbie, na mchana jua likiwaka nazima moja. Na hiyo hela naitoa mwenyewe nje ya mchango wa nyumba, tulishaweka submita ya banda baada ya ile Jumapili, maana mwalimu asingeniacha.

Mara ya mwisho nilivyoenda Mwanjelwa kutafuta globu za 100, maduka ya umeme niliyoingia wananionyesha LED tu, kijana mmoja akanicheka kabisa, mama bado unatumia hizo? Nikazikuta kwenye duka ninaponunua chakula cha kuku, ziko rafu moja na vinyweshea maji na dawa za minyoo, na muuzaji akaniuliza una vifaranga wangapi kabla hajaniuliza nataka ya pini au ya kuzungusha. Nikachukua tatu, mbili za kuwasha na moja ya akiba. Globu maisha yake ni kama masaa elfu moja, ukiwasha bila kuzima ni siku arobaini hivi, awamu mbili za vifaranga na imechoka, na ikiamua kuungua saa nane usiku huko Uyole hakuna wa kumgongea dirisha.